Dhahabu ya Maamiri Kwanza

Mwishoni mwa mwaka 1259, wakuu wa Misri walikutana Cairo kuzungumzia hatari ambayo kila mmoja wao alijua haikwepeki. Februari 1258 jeshi la Wamongolia chini ya Hulagu lilikuwa limeiangusha Baghdad na kumuua Khalifa al-Musta'sim. Sasa lilikuwa linaelekea Sham, na mjumbe wa mtawala wa Aleppo na Damascus, mwanahistoria Ibn al-Adim, alikuwa ameshafika kuomba msaada. Kwenye kiti cha usultani aliketi kijana mdogo, al-Mansur Ali, lakini mwenye kauli alikuwa naibu wake, Qutuz, ambaye wiki chache baadaye angemwondoa na kukalia kiti hicho yeye mwenyewe. Makadhi na mafakihi hawakuitwa ili waulizwe kama kupigana ni wajibu. Hilo halikuwa na mbishi. Waliulizwa habari ya fedha: je, inajuzu kuwatoza raia mali zao ili vita vigharimiwe?

Jibu lililongojewa zaidi lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa akikaribia miaka 80, Izzuddin bin Abdissalaam, mzaliwa wa Damascus, ambaye mwanafunzi wake Ibn Daqiq al-Id alimpa lakabu ya Sultani wa Wanazuoni. Kwa mujibu wa wanahistoria wa enzi ya Mamluk, mzee huyo alisema kwamba adui akiingia nchini, kumkabili ni wajibu wa wote, na inajuzu kuchukua kwa raia kiasi cha kusaidia jihadi. Kisha akaweka masharti. Kwanza, baitulmali iwe haina kitu. Pili, kabla mali ya raia haijaguswa, maamiri na askari wauze mishipi yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, wawe sawa na watu wa kawaida. Kuwatoza watu huku wanajeshi wangali wamekalia mali na mapambo, alisema, hakujuzu.

Katika habari zote za wanazuoni wa zama za kati waliolazimika kusema neno la dini mbele ya uvamizi, fatwa hii naiona kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote, ingawa si ndiyo mashuhuri kuliko zote. Mashuhuri ni zile za Ibn Taymiyya, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya Izzuddin kufariki. Tofauti yao ni kubwa kuliko tofauti ya miaka. Ibn Taymiyya alijibu swali la adui ni nani. Izzuddin alijibu swali la nani atangulie kubeba mzigo wa kumzuia adui huyo. Nami nashikilia kwamba swali la pili ndilo linalotupa kipimo cha kweli cha mwanazuoni wakati nchi inapovamiwa. Kumlaani mvamizi ni rahisi, kwa sababu yuko mbali na hasikii. Kumwekea masharti mtawala aliye mbele yako, akiwa na upanga, na akiwa na kisingizio bora kuliko vyote cha kutaka atiiwe bila kuulizwa, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Atasema mtu kwamba hii ni hoja ya mhasibu, kwamba Wamongolia walikuwa wakiteketeza miji na huyu mzee akashughulika na mishipi. Lakini tuliangalie jeshi lenyewe lilivyokuwa. Wamamluk walikuwa watumwa walionunuliwa wakiwa vijana, wengi wao Waturuki wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakasilimishwa, wakafunzwa kupanda farasi na kulenga mshale, na waliopanda vyeo wakawa maamiri wenye mapato ya mashamba ya Misri. Mkulima wa Delta na mfua shaba wa Cairo hawakuhitajiwa kwenye safu ya mbele ya mapambano. Kilichotakiwa kwao ni dinari. Kwa hiyo, kwa raia wa Misri wa mwaka 1259, jihadi ilibisha hodi mlangoni kwa sura ya mtoza kodi. Mwanazuoni aliyezungumzia fadhila za kufa shahidi tu, asizungumzie kodi, angekuwa amehutubia watu wasiokuwapo. Izzuddin alijibu pale pale dini ilipokuwa inagusana na maisha yao.

Wala hakuzua kanuni mpya. Karne mbili nyuma, al-Juwayni wa Nishapur alikwisha kujadili hali ambapo hazina imekauka na mipaka iko hatarini, akampa mtawala nafasi ya kuwageukia wenye mali. Mwanafunzi wake, al-Ghazali, akalikubali hilo kwa hoja ya maslahi ya umma, naye akishurutisha kwamba fedha za umma ziwe hazitoshi. Sharti la hazina kuwa tupu, basi, lilikuwa linajulikana miongoni mwa Mashafii. Alichofanya Izzuddin ni kuuliza hazina ni nini hasa. Kama maamiri wamejitajirisha kutokana na mapato ya umma, dhahabu iliyo viunoni mwao ni sehemu ya hazina ambayo imehamishwa tu mahali. Huwezi kulifungua kasha la serikali, ukakuta halina kitu, ukatangaza umaskini, na huku yaliyokuwa ndani ya kasha hilo yanang'aa mbele ya macho ya kila mtu. Mwandishi wa Qawa'id al-Ahkam, kitabu chake kikubwa cha kupima maslahi na madhara, hakuhitaji kutoka nje ya elimu yake kufikia hapo. Alihitaji ujasiri wa kuitumia palipo na watu wenye kuhusika.

Ujasiri huo haukumjia ghafla uzeeni. Mnamo 1240, alipokuwa khatibu wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, mtawala wa mji, al-Salih Ismail, alifanya mapatano na Wafaranji, yaani wapiganaji wa Msalaba waliokuwa pwani ya Sham. Alihitaji msaada wao dhidi ya mpwa wake al-Salih Ayyub wa Misri, na kwa ajili hiyo akawaachia ngome, zikiwamo Safed na Shaqif, na kuwaruhusu waingie Damascus kununua silaha. Wauza silaha wakaja kuuliza hukumu. Izzuddin akawajibu kwamba ni haramu kuwauzia, kwa kuwa silaha hizo zingerudi kuwaua Waislamu, na kwenye hotuba ya Ijumaa akaacha kumtaja mtawala katika dua. Kwa kanuni za zama zile, kuondoa jina la mtawala kwenye hotuba kulikaribia kusema hadharani kwamba utawala wake hauna uhalali. Akavuliwa kazi, akafungwa, kisha akaachiwa, na hatimaye akahamia Misri. Ibn al-Hajib, mwanazuoni wa Kimaliki ambaye vitabu vyake vya sarufi ya Kiarabu vimefunza vizazi na vizazi, alisimama naye na kuondoka naye.

Misri nayo haikumpata akiwa kimya. Al-Salih Ayyub alimpa ukadhi na ukhatibu wa Msikiti wa Amr bin al-As, na hapo ndipo linapoingia tukio ambalo Tajuddin as-Subki, mwandishi wa wasifu wa wanazuoni, analisimulia kwa furaha isiyofichika. Kadhi mpya aligundua kuwa baadhi ya maamiri wakubwa, akiwamo naibu wa sultani, walikuwa bado ni watumwa kisheria, mali ya baitulmali, kwa sababu hawakuwahi kuachwa huru kwa utaratibu unaokubalika. Maana yake, mikataba yao ya kuuza na kununua haikuwa sahihi. Akatoa hukumu wauzwe kwa mnada na fedha ziingie hazina ya umma. Sultani alipokasirika, kadhi alipakia mizigo yake juu ya punda, akaondoka mjini na familia yake, na umati wa watu ukamfuata, mpaka sultani mwenyewe akatoka kumrudisha. Maamiri wakauzwa. Nikiri hapa kwamba Izzuddin hakuupinga utumwa. Aliitumia sheria ya utumwa kama alivyoikuta, akaielekeza juu badala ya chini. Msomaji wa leo ana haki ya kutoridhika na hilo. Lakini kwa wakati wake, kuwakumbusha wenye nchi kwamba wao wenyewe ni mali ya umma lilikuwa jambo ambalo busara ya mwenye nguvu mpishe ingemkataza mtu yeyote mwenye kupenda usingizi wake.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yale mengine. As-Subki alifariki mwaka 1370, zaidi ya karne moja baada ya Izzuddin. Naye alikuwa Mshafii akiwasifu Mashafii, na wasifu wa wanazuoni katika zama zile hupenda kumkuza mwenye kilemba mbele ya mwenye upanga. Huenda punda waliongezwa na wasimulizi. Huenda umati ulikuwa mdogo. Sina haja ya kuitetea kila chembe ya kisa kile. Lakini habari ya kikao cha 1259 haisimami juu ya kisa cha punda. Imepokewa katika tarikh za Wamamluk wenyewe, zikiwataja wahudhuriaji na hali ya siku ile, na inakubaliana na mantiki ya vitabu vya fikihi vilivyotangulia na ya kitabu chake mwenyewe. Zaidi ya hapo, kukuza nako ni ushahidi wa aina yake. Jamii iliyotaka kumtukuza mwanazuoni ingeweza kumbebesha upanga, ikamsimulia akiua Wamongolia kumi kwa mpigo. Badala yake ikamkumbuka kwa kuwauza maamiri na kuwavua mishipi. Hilo linatuambia watu wa Cairo na Damascus walitarajia nini kutoka kwa mtu wa dini.

Wengine watauliza kama hatari kubwa namna ile inaweza kungoja hesabu. Nchi ikiungua, asiye na subira ya kuulizwa maswali ana haki kidogo, nakubali. Ila fatwa ile haikuchelewesha chochote. Ilitolewa katika kikao kile kile, na katika majira ya joto ya 1260 jeshi liliondoka Misri. Tena haikusema hapana kwa kodi. Ilisema ndiyo, na ikapanga foleni: nani wa kwanza, nani wa mwisho. Ugumu wa kukusanya fedha za vita hauko kwenye kasi ya amri, uko kwenye imani ya anayetozwa. Mtu anayemwona amiri akipita na farasi aliyevishwa dhahabu, siku moja baada ya mtoza kodi kuchukua dinari yake, ataficha dinari ya pili. Mzee wa miaka karibu 80 aliyekwisha kuishi chini ya Waayyubi na Wamamluk alilijua hilo kuliko mshauri yeyote wa hazina.

Je, walimtii? Hapa lazima tuwe wakweli, kwa sababu wapenzi wa Izzuddin hukimbilia kuunganisha fatwa na ushindi wa Ain Jalut wa Septemba 3, 1260, kana kwamba mishipi iliuzwa asubuhi na Wamongolia wakashindwa jioni. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo wa karne ya 15, anaeleza kodi ambazo Qutuz alizianzisha kwa ajili ya vita, ikiwamo dinari moja kwa kila mtu, na anaeleza kwamba Baybars alizifuta aliposhika usultani baada ya Qutuz kuuawa mwezi Oktoba mwaka ule ule. Ni vigumu kuamini kwamba kila amiri alikuwa amebaki na farasi na silaha tu kabla ya dinari ile kutozwa. Na ushindi wenyewe una sababu zake nyingine. Hulagu alikuwa ameondoka Sham na sehemu kubwa ya jeshi lake baada ya kifo cha Khan Mkuu Möngke, akimwachia jemadari Kitbuqa kikosi kidogo. Wafaranji wa Acre, wakihofia Wamongolia kuliko Waislamu, waliliruhusu jeshi la Misri kupita katika ardhi yao na kununua chakula. Ni Wafaranji hao hao ambao miaka 20 nyuma Izzuddin alikataza wauziwe silaha. Katika habari zilizobaki hakuna pingamizi lake dhidi ya mpango huo wa 1260, na sioni kinachogongana hapo: pingamizi lake la Damascus lilihusu silaha zitakazoelekezwa kwa nani, halikuhusu jina la mnunuzi.

Basi kama fatwa ilitekelezwa nusu, au robo, thamani yake iko wapi? Iko katika kuinyima dola jambo moja. Qutuz alitoza kodi yake, lakini hakuweza kusema kwamba sheria ya Mungu imeipitisha bila masharti. Kila dinari iliyochukuliwa kabla ya dhahabu ya maamiri kwisha ilichukuliwa ikiwa na hukumu juu yake, iliyotolewa hadharani na mwanazuoni mkubwa kuliko wote mjini. Baybars alipotaka kupendwa na watu, alijua vizuri aanze kufuta nini. Inasimuliwa pia kwamba Izzuddin alipofariki mwaka 1262, na Baybars akauona umati wa mazishi yake, alisema ni leo tu utawala wake umetulia. Iwe alisema au alisingiziwa, sentensi hiyo haisimuliwi juu ya mwanazuoni aliyekuwa akiwabariki watawala.

Sasa turudi kwa Ibn Taymiyya, maana si haki kumtaja kwa jina na kumpita. Alizaliwa Harran mwaka 1263, na akiwa mtoto familia yake ikakimbilia Damascus kwa kuwaogopa Wamongolia. Alipokuwa mtu mzima, Wamongolia walirudi wakiwa na sura mpya. Mtawala wao, Ghazan Khan, alikuwa amesilimu mwaka 1295, naye alivamia Sham mwishoni mwa 1299. Askari wa Kiislamu waliotakiwa kupigana nao walikuwa na wasiwasi wa kweli: je, mnatuambia tuwaue watu wanaotamka shahada? Ibn Taymiyya, ambaye alikwenda pamoja na wakuu wa Damascus kuonana na Ghazan na kuwaombea wakazi amani, alijibu kwamba kundi linalojiita Waislamu huku likiacha sheria za Uislamu na kuzifuata desturi za Chinggis Khan linapigwa vita. Katika mapigano ya Shaqhab, Ramadhani ya mwaka 1303, aliwapa askari ruhusa ya kufungua ili wapate nguvu. Alikuwapo uwanjani. Mtu huyo hakuwa mwoga, wala swali aliloulizwa halikuwa la kuchezea.

Lakini angalia safari za fatwa hizi mbili baada ya wenyewe kufa. Hukumu ya Ibn Taymiyya juu ya Wamongolia ilinyofolewa kutoka mwaka 1303 na kupandikizwa Misri ya mwaka 1981, pale Muhammad Abd al-Salam Faraj alipoitumia katika kijitabu chake kuhalalisha kumuua Rais Anwar Sadat, kwa hoja kwamba watawala wa leo ni sawa na Wamongolia wale. Mwezi Machi 2010 wanazuoni walikusanyika Mardin, Uturuki, kuijadili upya fatwa yake nyingine kuhusu mji huo, kwa kuona jinsi inavyotumiwa na makundi ya kumwaga damu. Sisemi kwamba Ibn Taymiyya ndiye mwenye lawama ya yote hayo, naye angeshangazwa na wengi wanaomnukuu. Nasema kwamba fatwa inayojibu swali la adui ni nani ina wepesi wa kubebwa: toa jina la Ghazan, weka jina la unayemchukia, na mashine inaendelea kufanya kazi. Fatwa ya Izzuddin haibebeki hivyo. Sultani akiinukuu, inamwambia auze mapambo yake kwanza. Kiongozi wa waasi akiinukuu, inamwuliza michango ya wafuasi wake imekwenda wapi, na kama makamanda wake wanaishi sawa na wanaochangia. Nadhani ndiyo sababu haina umaarufu. Kila mwenye madaraka anayeishika humchoma mkono.

Pengine mtu atasema kisa cha 1259 ni cha mtu mmoja mwenye tabia ya kipekee, na upekee haufanyi kanuni. Ningekubali kama lisingekuwapo jina la Yahya bin Sharaf an-Nawawi, wa kijiji cha Nawa kusini mwa Damascus, aliyezaliwa 1233 na kufariki 1277. Watu wa pwani yetu hawahitaji kutambulishwa kwake. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakiwa Mashafii, na katika karne zilizofuata Minhaj ya an-Nawawi ikawa miongoni mwa nguzo za darasa za fikihi za Lamu, Mombasa na Zanzibar. Arubaini yake watoto wa madrasa huihifadhi, na Riyadhu Swalihina yake husomwa misikitini hadi leo. Wasiomjua Izzuddin kwa jina wanamjua huyu kama mtu wa nyumbani.

Baybars, akiwa bado anakabiliana na Wamongolia, alitaka fatwa za wanazuoni wa Sham ili achukue mali za watu kwa ajili ya vita. Wengi waliandika. An-Nawawi alikataa. Inasimuliwa kwamba alimkumbusha sultani kuwa yeye mwenyewe alianza maisha akiwa mtumwa asiyemiliki kitu, na kwamba sasa ana watumwa wengi wenye mishipi ya dhahabu na vijakazi wenye vito. Avitoe hivyo kwanza, watumwa wabaki na mishipi ya sufu na vijakazi na nguo zao, ndipo yeye ataandika. Ni sharti lile lile, kwa mtawala mwingine, katika mji mwingine, na safari hii mbele ya sultani aliyekuwa mshindi na mwenye kuogopwa kuliko Qutuz. Mwanafunzi wa an-Nawawi, Ibn al-Attar, alihifadhi katika wasifu wa mwalimu wake barua alizomwandikia Baybars, zikiwatetea watu wa Damascus ambao bustani zao zilikuwa zimezuiwa na dola. Barua hizo ni za kalamu ile ile iliyoandika Minhaj, na hukumu yake juu ya mali ya raia ni fikihi sawasawa na hukumu ya udhu na ya mirathi. Darasa zetu zimezipokea hizo mbili za mwisho kwa uangalifu mkubwa. Barua kwa Baybars bado hazijapata zamu.